Moshi wa Kwemvumo

Kwemvumo,
11 Agosti 2024

Mwanangu Kristian,

Nakusalimu kutoka ndani ya ukungu. Haujaondoka tangu juzi, na ninaandika nikiwa mbele ya mafiga, shuka mbili mabegani. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo sasa yamestaafu kabisa kama mwenye nayo. Glory wa duka la ng'ambo alinipa simu yake ili nizungumze nawe. Nilikiweka kile chombo sikioni kwa heshima zote, nikaona watu dukani wananicheka, nikamrudishia. Tuendelee na barua. Barua haihitaji sikio, na humlazimisha mwandishi kumaliza sentensi yake.

Habari za nyumbani ni hizi. Maharage yameingia ndani yakiwa makavu. Mlango wa kanisa ulikuwa unagoma kufunga. Juma fundi ameupiga randa, sasa unafunga. Asubuhi hii moshi ulipanda kwa akina Klara, uliyesoma naye darasa moja. Ukapanda kwa Mzee Amiri. Ukapanda pia kwa Alphonce, yule aliyetoka Songea kuja kuchuma chai ya Bumbuli, akahamia kwetu mgongo ulipoanza kupinda.

Sasa jambo lenyewe. Unasema binti yako Josephina ameulizwa shuleni asili yake ni wapi, akakosa la kusema zaidi ya jina la nchi. Unaniomba nimwandikie chanzo cha kitongoji chetu. Nilifundisha jiografia hadi nilipostaafu, na sikumbuki kuulizwa swali gumu kama hili kwa maneno machache hivi.

Nianze na mahali. Kwemvumo si kilele wala si bonde: ni bega la mlima. Ina nyumba saba, kanisa la mabati, chemchemi moja, na masale yaliyopandwa mipakani ili majirani wasigombane. Mbele yetu kuna korongo, na ng'ambo ya korongo kuna kijiji chenye ofisi ya mtendaji, zahanati, na watu wanaopenda kututazama. Kwa umbali ule hawatuoni sisi, wanaona moshi. Tangu utoto wangu wametusoma hivyo. Moshi mwembamba ni chai. Moshi mzito ni kuni mbichi au mgeni. Pasipo na moshi pana msiba au safari.

Baba yangu, Mzee Hezekia, ambaye ni babu yako, alifika hapa akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Waliofika naye walikuwa na mbegu za maharage, kitabu kimoja cha nyimbo, na chungu chenye makaa ya moto. Moto huo haujazimika tangu hapo. Anayesafiri humkabidhi jirani makaa yake. Jirani huyatunza, na huingia kuwasha kwa aliyesafiri, kwa sababu nyumba isiyofukizwa huliwa na ukungu kuanzia kwenye paa. Mwenyewe akirudi hudai moto wake na hupewa. Mwambie Josephina aanze na hilo: kwetu moto una umri mkubwa kuliko kitongoji.

Wasalimie Beatha na mtoto. Bahasha nampa Alen wa bodaboda, aipeleke posta Lushoto.

Shangazi yako,
Yudith

*

Orvik, Saskatchewan,
29 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya maji pembeni na harufu ya moshi. Nimeinusa kabla ya kuisoma, unisamehe. Sisi huku hatujambo. Ngano imevunwa, na uwanda umebaki na mabua mafupi kama vichwa vya wanafunzi siku ya kufungua shule. Koti jekundu la Beatha limetundikwa mlangoni, tayari kwa baridi. Chumba cha Josephina nimekipaka rangi ya manjano aliyokuwa akiitaka.

Uliwahi kuniuliza Orvik ni mahali gani. Ikiwa Kwemvumo ni bega, basi Orvik ni kiganja kilichofunguliwa. Hakuna mteremko popote; ukimwaga maji, husimama yakifikiri yaende wapi. Kuna mtaa mmoja, taa moja ya barabarani, kanisa linalofunguliwa mara moja kwa mwezi, na ghala refu la nafaka lililojengwa kwa mbao kando ya reli. Reli iling'olewa miaka mingi iliyopita. Ghala limebaki limesimama kama abiria ambaye hajaambiwa kwamba basi halitakuja. Jioni za vuli huku, jua linapolala, kivuli cha ghala hutembea juu ya mashamba hadi macho yanashindwa kukifuata, na kwa muda mfupi uwanda wote huonekana una mlima.

Waanzilishi wa Orvik walitoka Norwe, Walutheri kama sisi. Walileta kengele yenye jina la kitongoji walichokiacha. Jirani yangu, Bi. Solveig, ndiye mwenye ufunguo wa kanisa. Alinionyesha lile jina, kisha akaniuliza, "Na ninyi mlifikaje hapa?" Nikamjibu, "Kwa gari." Alicheka hadi akalazimika kukaa.

Kengele ile imenifanya nidhani kwamba kila kitongoji kilikuwa mahali pengine kwanza. Ndiyo maana nauliza: umeandika walikofika, hukuandika walikotoka. Kwa nini?

Swali la pili naliuliza kama mtu anayelipwa kupima udongo. Mbao huvimba wakati wa mvua. Wewe umeandika Agosti. Mlango wa kanisa ulianza kugoma lini? Na chemchemi ikoje?

Wasalimie majirani wote, hasa Klara.

Mwanao,
Kristian

*

Kwemvumo,
24 Novemba 2024

Mwanangu Kristian,

Marahaba, na onga makeo, kama tunavyoamkiana huku, ijapokuwa sijui kwako ni asubuhi au la. Vuli imeanza na mvua ndogo, za adabu. Nimepanda viazi nyuma ya kanisa. Kikohozi kilinishika, kikaniachia. Asubuhi hii moshi ulipanda kwa akina Klara na kwa Mzee Amiri; kwa Alphonce ulichelewa kidogo, kwa sababu kuni zilikuwa zimelowa.

Maswali yako nayajibu kwa mpangilio. Chemchemi haijakauka. Imehama: sasa inatokea chini ya migomba ya Alphonce, na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Mlango wa kanisa umegoma tena, na Juma amekuja tena na randa. Alisema, "Mwalimu, nikiendelea hivi, mwakani nitakuwa nafunga bawaba kwenye hewa." Juma ni fundi mzuri, lakini ana maneno mengi. Masale kati yangu na Mzee Amiri yameinama yote upande mmoja, kama waumini wakati wa sala. Ukungu ukipita katikati yake ni jambo la kutazama, na mimi hutazama.

Kuhusu walikotoka, nitaandika siku nyingine. Leo niandike walivyoishi. Kanisa lilijengwa kwa mawe ya mtoni yaliyopandishwa kichwani na wanawake, kila mmoja jiwe lake baada ya kuteka maji. Mabati yalikuja baadaye. Wakati wa kahawa kulikuwa na duka. Wakati wa chai vijana walishukia Bumbuli na kurudi Jumamosi wakinuka majani mabichi. Kisha wengine hawakurudi Jumamosi, wakawa wanarudi Krismasi. Kisha Krismasi ikaanza kuja peke yake. Hakuna aliyefukuzwa. Kitongoji hakifi kwa tukio moja. Hupungua kama sauti zilivyopungua kwangu: kwanza ndege, kisha mvua juu ya bati, kisha majina.

Nimeota juu ya Orvik yako. Niliota kwamba uwanda ule na milima hii ni kitambaa kimoja, kwenu kimetandikwa, kwetu kimekunjwa. Na kuna mtu anayekinyoosha polepole kutoka upande wenu. Nyumba zetu zilikuwa zinateleza kuja kwenu bila kupinduka, moshi ukiwa umesimama wima. Nilipoamka sikuwa na hofu. Nilikuwa na shauku tu ya kujua ghala lenu lingetupisha vipi.

Msalimie Beatha. Koti jekundu nalikumbuka; alilivaa siku mlipoondoka.

Shangazi yako,
Yudith

*

Orvik,
5 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Theluji imeziba uzio, na Orvik imekuwa ukurasa ambao haujaandikwa. Nisamehe, leo nafupisha salamu.

Siku ya mwaka mpya nilimpigia Klara. Nilitarajia kusikia mbuzi. Nikasikia honi za mabasi.

"Klara, uko wapi?"

"Mombo, kaka. Tangu mwezi wa sita. Nakaanga maandazi hapa barabara kuu, na jua linanikaanga mimi."

"Lakini Shangazi anaandika kwamba moshi unapanda kwako kila asubuhi."

Alicheka hadi nikasikia mteja anadai chenji yake. "Kumbe ni yeye! Kaka, mtendaji alinipigia kunigombeza. 'Wewe Klara, tumewahamisha kwa usalama wenu, halafu mnarudi kwa siri? Naona moshi wako kutoka hapa ofisini!' Nikamwambia, mzee, mimi niko Mombo, moshi wangu ni huu wa maandazi. Akaniambia moshi haudanganyi. Ameudhika, amesema watu wa Kwemvumo ni wakaidi, hapandi tena huko kumbembeleza mtu."

Kutoka kwake nikajua yaliyosalia. Mlima ulichanika juu ya makaburi baada ya masika iliyopita. Mliambiwa mhame. Mzee Amiri yuko kwa binti yake Korogwe. Alphonce amerudi Songea. Kwenye nyumba saba umebaki wewe, ukizunguka kila asubuhi kuwasha moto kwa watu wasiokuwepo. Na wale wa ng'ambo, ambao wangekuja kukuchukua, wanatazama moshi na kuamini kwamba kitongoji kimejaa.

Shangazi, nimesoma upya barua zako. Hukuandika uongo hata neno moja. Hilo ndilo linalonitisha.

Sasa nisikilize, nami natumia neno hilo nikijua hali ya masikio yako. Mlango unaogoma wakati wa kiangazi, chemchemi inayohama na kutoa tope, masale yanayoinama upande mmoja: ulinifundisha wewe mwenyewe, darasa la sita, ubaoni, kwa chaki ya rangi. Bega la mlima linatembea. Vuli za adabu limezivumilia. Masika halitazivumilia. Klara ana chumba. Amepanda mara moja kukuita ukamfungia mlango, hataki tena. Ondoka kabla ya Machi. Mimi siwezi kufika kabla ya Juni.

Na kuna jambo nimelikumbuka. Tulipokuwa watoto, tukifuata mbuzi msituni ng'ambo ya kijito, tuliona mafiga: matatu, matatu, matatu, yamekaa kwenye majani kama yanayosubiri sufuria, na hakuna nyumba. Ulituchapa kwa kuyakanyaga. Yalikuwa ya nani?

Kristian

*

Kwemvumo,
19 Januari 2025

Mwanangu,

Sijapata barua yako tangu ile ya Septemba, kwa hiyo ninaisoma hiyohiyo kwa mara nyingine. Kila ninapoisoma nakuta tundu mahali palepale.

Umeniandikia koti la Beatha. Hukumwandika Beatha. Umeniandikia chumba cha Josephina, na kwamba rangi ndiyo "aliyokuwa akiitaka". Mtoto aliyepo huendelea kutaka. Bi. Solveig, ambaye simjui, nimemsikia akicheka. Mke wako na binti yako, ninaowajua, wamekaa kimya katika barua nzima.

Ninaijua njia hiyo ya kuandika, mwanangu. Usiniulize nimeijulia wapi.

Asubuhi hii moshi ulipanda.

Yudith

*

Kwemvumo,
20 Februari 2025

Mwanangu Kristian,

Marahaba. Afya yangu ni ile ile, viazi vimekubali. Alen ameleta barua yako ya Januari leo mchana, akasimama kuhakikisha nimeifungua, jambo ambalo si kawaida yake. Nadhani Klara amemtuma.

Nakubali yote uliyoyaandika. Mlima unatembea, nimeliona kabla yako, na ninaweza kukuonyesha kwa kidole mahali unapopita. Wiki hii mlango wa chumba changu nao umegoma. Mtendaji sikukusudia kumdanganya. Nilikuwa nalinda mapaa. Kwamba angesoma moshi na kuacha kusoma kitu kingine, hilo lilinipita, na sikulitafuta. Klara nilimfungia mlango kwa sababu nilijua atakachosema na sikuwa na jibu.

Sasa mafiga. Mafiga yale ni Kwemvumo ya kwanza. Wazee hawakuitaja mbele ya watoto, nasi tulipokuwa wazee tukaendelea kutoitaja, hata ikawa msitu. Mlima ule nao ulitembea. Milango iligoma, na wazee wakasema, nyumba isipokubali kufungwa, inakutaka utoke. Wakahama asubuhi moja, wakati wa mvua. Lakini baadhi ya watu walikuwa mashambani mbali, na moto wao ulikuwa umeachwa kwa mtu mmoja autunze. Mtu huyo alikuwa bibi yangu, mama yake Mzee Hezekia. Alisema hawezi kuuacha moto wa watu ambao hawajarudi kuudai. Akamkabidhi wifi yake, shangazi wa mtoto, chungu cha makaa, akamfunga mtoto mgongoni mwake, akarudi ndani. Wifi alivuka kijito. Bibi hakuvuka. Ndiyo maana niliwachapa.

Utaona basi hali yangu ilivyo. Klara alinikabidhi moto wake alipoondoka. Mzee Amiri alinikabidhi. Alphonce aliweka makaa yake mafigani kwangu kwa mkono wake, na alikuwa analia, ingawa atakuambia ulikuwa moshi. Anayeondoka humkabidhi jirani. Mimi nimkabidhi nani? Niuzime, kisha nishuke nikalale vizuri? Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, upande huu na upande huu, na sioni njia ndani ya desturi. Nje ya desturi njia ziko nyingi, lakini huko hakuna Kwemvumo.

Mchana huu mawingu yamejaza korongo hadi usawa wa kizingiti changu, yamelala bapa kabisa. Nilidhani nimefika Orvik. Nilitaka kukanyaga.

Yudith

*

Orvik,
23 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika siku moja, ya Januari ikiwa chini ya ile ya Februari, kwa hiyo nilijibiwa kabla ya kuulizwa.

Beatha na Josephina wako Saskatoon tangu Julai. Shule ya hapa ilifungwa. Beatha alisema mtoto hawezi kukua akicheza na ghala. Nilisema nitawafuata kazi ikiruhusu. Kazi iliruhusu Oktoba. Koti aliliacha ili nimpelekee, sikumpelekea. Nilihisi likiondoka mlangoni, nyumba itakuwa yangu peke yangu. Sasa unajua. Nadhani ulijua.

Kuhusu bibi yako. Nimeisoma habari ile mara nyingi, na nataka kubishana nawe kwa adabu zote. Wewe unaisoma ukijiona bibi aliyerudi ndani. Mimi naona watu wawili katika habari ile. Yule mwingine alikuwa shangazi. Ndiye aliyebeba moto, ndiye aliyembeba mtoto, na kama asingevuka kijito, babu asingekuwepo, wala wewe, wala mimi wa kukuandikia. Desturi unayoilinda ilipita kwenye mikono yake. Aliyebaki hakutuachia desturi, Shangazi. Alituachia mafiga.

Lakini barua hii itakukuta mvua zimeshaanza, kama itakukuta. Kwa hiyo sikungojea posta. Nimempigia Klara na kumsomea maneno yako, yale ya moto wa watu ambao hawajarudi kuudai. Akasema, "Kumbe anasubiri adaiwe." Akakata simu.

Theluji imeanza kuyeyuka. Kesho nalipeleka koti.

Mwanao,
Kristian

*

Mombo,
27 Aprili 2025

Mwanangu Kristian,

Marahaba. Nakusalimu kutoka kwenye joto. Unaona mahali nilipoandika hapo juu. Barua yako ya Machi imenikuta hapa, na ninaijibu chini ya bati la Klara, huku jasho likidondokea karatasi. Alama za maji utakazoziona safari hii si za ukungu. Nafurahi kuhusu koti.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu Klara atakueleza kwa namna yake.

Alipanda na Alen mvua ikinyesha, mwisho wa Machi. Sikumsikia, bila shaka. Niligeuka kutoka mafigani nikamkuta jikoni, amelowa hadi kwenye kope, chungu kipya mikononi. Alikuwa anapiga kelele. Niliona kwa mishipa ya shingo yake. Nikamwonyesha masikio. Akachukua mkaa, akaandika ukutani kwangu, herufi kubwa kama za ubaoni: NIMEKUJA KUDAI MOTO WANGU.

Nilimwambia ukuta si daftari. Akaandika tena chini yake: NIPE.

Mwenyewe akirudi akidai, hupewa. Hakuna namna nyingine. Nikachukua koleo, nikamtilia kaa moja chunguni, kwa kuwa hilo lilikuwa lake. Nilidhani ataondoka. Akatoa simu, akaniwekea mbele ya macho ujumbe wa Mzee Amiri: Mwalimu, mpe Klara moto wangu, namtuma yeye. Nikatia la pili. Kisha wa Alphonce, kutoka Songea: Mama, nadai, na siku ile haukuwa moshi, nililia. Nikatia la tatu. Alikuwa amewatafuta wote, mwanangu, nyumba sita, hata wale waliotoka zamani na ambao watoto wao tu ndio waliobaki. Kila mmoja alidai. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi na kichwa kinafuata nyuma.

Mwishoni mafigani palibaki moto wangu peke yake. Klara hakuandika kitu. Alisimama tu na chungu chake wazi, katika nyumba yangu, upande ambao majirani husimama. Nilimtazama nikaelewa kwamba nilikuwa nimekosea mahali pamoja tu katika hoja yangu ya Februari. Nilisema sina jirani wa kumkabidhi. Nilikuwa naye, nikamfungia mlango.

Nikamkabidhi.

Alen alitazama chungu, akaitazama pikipiki yake. Klara aliniandikia maneno yake baadaye: "Nimebeba mbuzi, nimebeba friji, nimebeba bwana harusi na mama mkwe wake. Moto bado." Akatukalisha, mimi katikati, chungu tumboni kwangu kimefungwa kwa kanga zilizolowa, na tukashuka. Sikufunga mlango. Usingekubali.

Mlima ulishuka wiki mbili baadaye, mchana, hakuna aliyekuwepo. Walioko ng'ambo wanasema ulitoa ngurumo. Alen amepanda kutazama. Nyumba ya Klara haipo, ya Mzee Amiri haipo, wala kanisa. Yangu imebaki imesimama peke yake ukingoni, na ukuta wenye maandishi unaonekana kutoka njiani. Mtendaji alimpigia Klara akilia kwamba aliona moshi mwingi ukipanda kutoka Kwemvumo, akadhani tumekufa wote. Lilikuwa vumbi. Klara alimwuliza kama bado anaamini kwamba moshi haudanganyi.

Mwambie Josephina hivi, na umwambie kwa usahihi. Kwemvumo ya kwanza ni mafiga msituni. Ya pili ni nyumba moja ukingoni mwa hewa. Ya tatu iko kando ya barabara kuu iendayo Moshi, kati ya muuza machungwa na fundi wa matairi, na haina ukungu wala korongo. Mabasi husimama, watu hununua maandazi kupitia dirishani, hula moto wetu bila kujua, na huenda nao kila upande. Mchana, joto linapozidi, natazama juu, na milima inaonekana bapa na ya bluu, kama kitu kilichotandikwa. Mara nyingine nadhani naona moshi kule. Huwa ni wingu.

Asubuhi hii moshi ulipanda kwa akina Klara. Klara yupo.

Shangazi yako,
Yudith